Fahali wawili, zizi moja

Nimeadimika wiki kadhaa, na sababu ni tarakilishi sita kuukuu zilizo katika saiba moja hapa kwetu Mugutha. Mwenye saiba ni mama jirani ambaye ameniita "kijana wa kompyuta" tangu nikiwa chuoni. Jioni moja nilikuwa nimeshuka tu kwa matatu akanisimamisha: "Kijana wangu, ni kweli mashine zangu zimekufa?"

Hazikuwa zimekufa. Muuzaji mmoja alikuwa amempitia akamwambia Windows 10 imefika mwisho, kwa hivyo anunue mashine sita mpya. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kwa Intel ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Mashine za mama ni mitumba ya ng'ambo, kizazi cha 4. Biashara ikitaka kuendelea kupata marekebisho inalipia, na bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, kisha inaongezeka maradufu kila mwaka. Mashine sita ni dola 366. Fanyeni hesabu ni kurasa ngapi za kuchapisha hizo, kwa shilingi kumi kumi.

Basi nikamwambia: tuweke Linux. Akauliza swali ambalo sisi wapenzi wa programu huria hatupendi kuulizwa: "Na ile fomu ya kodi itafunguka?"

Hapo ndipo penye maoni yangu ya leo. Wenzangu wengi watasema chagua upande mmoja ukae. Kama ni Linux, futa Windows. Kama ni Windows, acha kucheza. Fahali wawili hawakai zizi moja, wanasema. Mimi nasema kwa mtu mwenye mashine moja ya zamani na kazi ya kila siku, kuweka mifumo endeshi miwili ndani ya tarakilishi moja ndiyo njia ya busara. Si woga.

Tazameni kazi za saiba. Wateja tisa kati ya kumi wanakuja kwa mambo ya kivinjari: eCitizen, barua pepe, maombi ya kazi. Yote hayo Firefox ndani ya Ubuntu inayafanya bila taabu. Lakini kuna fomu za Excel zenye makro ambazo LibreOffice inazifungua nusu nusu, na kuna printa moja ya zamani ambayo haina kiendeshi cha Linux. Ukifuta Windows kwa sababu ya itikadi, mteja wa kumi anavuka barabara aende saiba nyingine, na mara nyingi huyo ndiye mwenye pesa.

Kwa hivyo tuligawanya kazi. Upande wa Ubuntu unaingia mtandaoni, kwa kuwa unaendelea kupata marekebisho ya usalama. Upande wa Windows tuliukata intaneti kabisa. Unabaki na Excel na ile printa. Tarakilishi ikiwaka, menyu ndogo ya GRUB inauliza uingie wapi. Ni fahali wawili, ndiyo, lakini anatoka mmoja kwa wakati mmoja.

Najua mtaniuliza: mbona usitumie mashine pepe, mifumo yote iende kwa pamoja? Kwa sababu mashine hizi zina kumbukumbu ya GB 4 tu. Ukiendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, wanagawana hizo nne na wote wanakufa njaa. Ukiwaweka bega kwa bega kwenye diski, anayeamka anakula zote nne peke yake. Ofisini natumia mashine pepe kila siku, lakini mashine ya ofisini ina GB 32. Ushauri wa mwenye shibe haumfai kila mtu.

Sasa gharama, maana si haki kusifu tu.

Ya kwanza ni hatari ya kupoteza data. Nikiwa mwaka wa pili chuoni niliweka Ubuntu kwenye kipakatalishi cha nyumbani saa nane za usiku. Kisakinishi kiliniuliza: weka kando ya Windows, au futa diski yote? Nilibonyeza la pili nikidhani nimebonyeza la kwanza. Humo mlikuwa na picha za marehemu nyanya, na hapakuwa na nakala nyingine popote. Baba hakunigombeza. Aliuliza mara moja tu kama zinaweza kurudi, nikasema hapana. Ndiyo maana kabla ya kugusa saiba ya mama nilikaa siku mbili nikinakili kila faili kwenye diski ya nje, naye akilalamika kwamba nachelewesha kazi. Na kwa kuwa stima ya huku haina adabu, diski inagawanywa wakati mashine iko kwenye UPS, au betri imejaa.

Ya pili: zimeni ule uwashaji wa haraka wa Windows. Ukiwa umewashwa, Windows haizimiki kikamilifu, na Linux inaweza kukataa kuandika kwenye sehemu yake ya diski. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisheni mnao ufunguo wa kuifungulia kabla ya lolote.

Ya tatu ilitupa kisa. Linux huweka saa ya mashine kwa UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Mteja akaingia Windows saa tatu asubuhi, saa ikamwonyesha kumi na mbili. Na saiba inatoza kwa dakika! Walibishana hadi nikapigiwa simu. Dawa ni amri moja upande wa Linux: timedatectl set-local-rtc 1.

Ya nne, jirani mmoja anaweza kumvunjia mwenzake mlango. Agosti 2024 sasisho la Windows lilizuia Linux kuwaka kwenye tarakilishi nyingi zenye mifumo miwili, na suluhisho kamili la Microsoft lilikuja Mei 2025. Wekeni flashi ya kuwashia Ubuntu karibu.

Msidhani haya yote ni mambo ya wazungu tu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Ubuntu ilizaliwa, mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu". Tumekuwa na haki ya kuchagua kwa zaidi ya miaka 20. Kilichotuzuia ni kuambiwa kwamba kuchagua ni lazima kuacha ulicho nacho.

Imepita miezi miwili. Mashine nne kati ya sita hazijaingia Windows tangu wiki ya kwanza. Moja ndiyo ya fomu na printa. Ya sita mama aliniomba nitoe Linux, eti wateja wazee wanaichanganya menyu. Nilitaka kumbishia, kisha nikakumbuka mashine ni ya nani. Nimeitoa, na haiingii mtandaoni.

Haya, nakilini faili zenu kwanza. Mengine tutayazungumza.