Mkasi ni mkasi tu? Acheni hizo!

Kuna kauli moja inanikera kuliko zote siku hizi: "mkasi ni mkasi tu." Anaisema mwenye duka la kunyoa mbwa anapomkabidhi kijana wake mkasi wa kukatia karatasi. Anaisema mteja anayeshangaa kwa nini kunyoa mbwa wake ni ghali kuliko kunyoa kichwa chake mwenyewe. Na wanaisema wasomi wenzangu, watu wenye digrii, ambao hawawezi kukubali kwamba kuna elimu ndani ya kitu chenye matundu mawili ya vidole.

Najua kuna wanaocheka tayari. Mbwa? Mwandishi wa habari mzima, bajeti ipo, mgao wa maji upo, yeye anaandika habari za kunyoa mbwa? Haya, chekeni mkimaliza tuendelee. Maana mimi sikuja kumtetea mbwa wa Masaki peke yake, nimekuja pia kumtetea kijana aliyemshika. Huyo kijana katoka Mbagala au Gongo la Mboto kwa daladala mbili, anasimama kuanzia asubuhi hadi jioni, na mwisho wa siku mkono wake unatetemeka hata kushika kijiko. Tunawaambia vijana wajiajiri, wasichague kazi. Wakiipata kazi tunawapa zana za kuwaumiza, kisha tunasema ni wazembe.

Tuanze na mkasi wenyewe. Mkasi ni visu viwili vilivyofungwa kwa skrubu moja. Vinapopishana vizuri, unywele unakatika palepale. Vikiwa vibutu, au skrubu ikilegea, unywele haukatwi bali unakunjwa na kubanwa katikati ya visu, halafu unavutwa. Binadamu akivutwa nywele atasema "aii, dada, taratibu." Mbwa hana namna hiyo ya kusema. Anajitupa. Na anapojitupa, ncha ya mkasi iko sentimita moja kutoka kwenye jicho lake.

Sasa ongeza hili. Ngozi ya mbwa, pamoja na manyoya yake yote, ni nyembamba kuliko yako. Tabaka lake la juu lina safu 3 hadi 5 tu za seli, wakati la binadamu lina safu 10 hadi 15. Halafu kwenye kitundu kimoja cha ngozi ya mbwa hutoka nywele kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo mkasi wa kunyolea mbwa unafanya kazi kubwa kuliko mkasi wa saluni, juu ya ngozi dhaifu, kwa mteja asiyetulia. Na huo ndio mkasi tunaotaka kuununua kwa bei ya kalamu na daftari!

Ukienda kununua, muuzaji ataanza na maandishi. "Bosi, soma mwenyewe, Stainless Steel." Ndiyo, imeandikwa. Hata kijiko cha uji kimeandikwa hivyo. Maneno hayo yanakwambia chuma kinastahimili kutu, basi. Hayasemi ni kigumu kiasi gani wala makali yatakaa kwa muda gani. Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Chuma cha daraja la 420, chenye kaboni kidogo, huishia kwenye 50 na kitu. Cha 440C kikipikwa vizuri hufika 58 hadi 60. Cha VG-10 kutoka Japani hufika 60 au 61. Tofauti hiyo kwenye karatasi ni ndogo, lakini mezani ni tofauti ya mkasi unaodumu na makali yake kwa wiki nyingi za kazi na mkasi unaoanza kutafuna manyoya baada ya siku chache.

Baada ya chuma watakuja na majina ya miji. Solingen ya Ujerumani, ambayo jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938. Seki ya Japani, mji wa wahunzi wa panga za samurai. Sialkot ya Pakistani, inayosifika kwa vifaa vya upasuaji na mikasi ya kila aina. Yote ni miji ya kweli na ina mafundi wa kweli. Lakini kugonga jina la mji kwenye chuma ni kazi ya dakika moja, na sisi tuliozaliwa katika nchi ya viatu vya "Adidos" tunapaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo usisome mkasi, ujaribu. Chukua karatasi laini ya chooni, ilowanishe, ikate taratibu hadi nchani. Mkasi mzuri utaikata safi. Mbovu utaikunja au kuichana, na mara nyingi aibu yake iko nchani, mahali ambapo wewe unategemea kunyoa kuzunguka jicho. Kisha ushike tundu moja, liinue lile jingine hadi mkasi ufunguke kama pembe mraba, uliachie. Ukijifunga wote kwa kishindo, skrubu imelegea. Ukigoma kabisa kushuka, imekaza mno na kidole gumba chako ndicho kitakacholipa. Unatakiwa ushuke kidogo na kusimama njiani. Muuzaji akikukatalia kujaribu, muage kwa heshima uondoke.

Kuna suala la urefu. Nimeona duka ambalo mkasi mmoja unafanya kila kitu, kuanzia masharubu mpaka mkia. Huo ni ubahili unaojiita ubunifu. Usoni na kwenye nyayo unahitaji mkasi mfupi, inchi 4.5 hadi 5 hivi, wenye ncha ya mviringo isiyochoma. Mwilini unahitaji mrefu, inchi 7 hadi 8.5. Urefu huo hupimwa kutoka nchani hadi mwisho wa tundu la kidole, bila kile kimkia cha kupumzishia kidole kidogo. Fanya hesabu ya shule ya msingi: ukinyoa mwili mzima wa Poodle mkubwa kwa mkasi wa inchi 5 mahali pa inchi 8, mahali pa kukata mara 100 utakata mara 160. Zidisha kwa mbwa wa siku nzima. Zidisha kwa mwaka. Halafu muulize kijana kwa nini kifundo cha mkono kinamuuma.

Ukishapata huo mfupi na huo mrefu, unaofuata ni mkasi wa meno, ule wa kupunguzia na kufuta alama za ngazi, halafu uliopinda kwa ajili ya kichwa na miguu ya kuviringa. Hiyo ni minne. Anayeanza na minne mizuri yuko mbali kuliko aliyenunua seti ya kumi na miwili kwenye pochi ya rangi ya waridi.

Ninalotaka mwenye duka alisome mara mbili ni hili la mkono. Mkononi kuna neva inayopita kwenye njia nyembamba ya kifundo, na kazi ya kufungua na kufunga vidole maelfu ya mara, kifundo kikiwa kimepinda, inaweza kuibana. Dalili zake ni ganzi, vidole kuchoma kama pilipili usiku, mtu kuangusha vikombe. Ndiyo maana kuna mikasi ambayo tundu la kidole gumba limesogezwa mbele, ili mkono ukae kwa asili yake na kiwiko kisiinuke kama bawa la kuku. Tundu likiwa pana kupita kidole, kuna vipete vya mpira vya kulipunguza. Ni vitu vidogo mno vya kumnyima mtu.

Na wa mkono wa kushoto je? Karibu mtu mmoja katika kila kumi ni wao. Tumewachapa shuleni, tumewaambia wasile kwa mkono huo, sasa tunawapa mikasi ya mkono wa kulia na kuwaita wagumu wa kujifunza. Kwa taarifa yenu, kinachobadilika kwenye mkasi wa kushoto ni visu vyenyewe, siyo vishikio tu. Visu vimepangwa kinyume. Mkono wa kulia unapofinya mkasi wa kulia, unavisukuma visu vikutane. Mkono wa kushoto ukiufinya mkasi huohuo, unavitenganisha. Yaani kijana ananunuliwa mkasi ambao mkono wake mwenyewe unauharibu kila anapoufunga, halafu anafukuzwa kazi kwa kunyoa vibaya!

Tuje kwenye kunoa. Tunawapenda wale jamaa wanaopita mitaani na jiwe lao la kuzungushwa kwa mguu. Wanatunolea visu na mapanga, Mungu awabariki. Lakini mikasi mizuri ya kunyolea mingi ina makali yaliyochongwa kwa mviringo mwembamba upande wa nje, na upande wa ndani kuna bonde dogo sana ambalo huwezi kuliona vizuri kwa macho. Jiwe la mtaani linafuta vyote viwili kwa dakika tano. Utarudishiwa mkasi unaong'aa, ila haukati. Kabla hujanunua mkasi wa bei kubwa, muulize anayekuuzia atanolewa na nani hapa mjini. Kama hana jibu, chukua wa bei ya kati wenye makali ya kawaida, ambao fundi makini wa mikasi ya saluni anauweza.

Na uutunze. Usikate manyoya machafu, maana mchanga ni msasa. Mwogeshe mbwa, mkaushe, mchane, ndipo ukate. Futa mkasi kila baada ya mbwa mmoja, tia tone la mafuta kwenye skrubu, usiukatie karatasi wala plasta. Ukianguka sakafuni, ukague kabla hujaurudisha kwenye ngozi.

Kuna kazi moja ambayo hata mkasi wa dhahabu usipewe: kukata mafundo ya manyoya yaliyosokotana hadi kwenye ngozi. Fundo linaivuta ngozi juu, ngozi inajificha ndani yake, na wewe unakata ukidhani ni manyoya. Hapo ndipo damu inapotoka. Fundo linafunguliwa kwa kitana na uvumilivu, au linanyolewa kwa mashine. Mteja anayemleta mbwa baada ya miezi sita bila kitana, kisha anagoma asinyolewe kwa mashine kwa sababu "atakuwa mbaya kwenye picha", naye ana sehemu yake kwenye jeraha hilo.

Kabla sijaitwa mpiga debe wa vitu vya ghali, niwaseme na wale wa upande wa pili. Kuna kundi linaloamini kwamba mkasi wa rangi ya upinde wa mvua, wenye kijiwe kinachomeremeta kwenye skrubu, utawafanya mafundi. Hautawafanya. Rangi haikati. Mkasi unaofaa ni ule unaoingia mkono wako, unaolingana na mbwa unaowanyoa, na ulio na mtu wa kuunoa. Ukishatimiza hayo matatu ndipo uangalie bei, na utakuta mara nyingi jibu liko katikati, mbali na meza ya vifaa vya shule na mbali na kabati la vioo.

Lakini ugomvi wangu mkubwa unabaki kwa wenye maduka. Mbwa akikatwa sikio, anayekatwa mshahara ni kijana. Mkasi ukiharibika, anaambiwa anunue yeye. Mkono ukimuuma, anaambiwa apumzike bila malipo, na kesho yake kuna mwingine getini. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Vizuri sana. Ila mnyama analindwa vipi ikiwa anayemshika amepewa zana mbovu na anaogopa kusema?

Wewe mwenye mbwa una nguvu kuliko unavyodhani. Siku ukimpeleka, usiulize bei tu. Omba kuona mikasi. Uliza nani anainoa, na kama kila mnyoaji ana yake. Uliza likitokea jeraha nani anamlipa daktari wa mifugo, duka au kijana. Mwenye duka akikujibu kwamba mkasi ni mkasi tu, mshike mbwa wako vizuri, mgeuze, urudi naye nyumbani. Na nauli ya kurudi usiidai kwa yule kijana.