Kwanza Makofi, Halafu Miguu

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya manung'uniko yaliyoenea mabwenini muhula huu. Mwalimu wetu wa Chama cha Dansi, anayetufundisha flamenko, ametuweka wiki sita tukipiga makofi tu. Wenzetu wanane wamekwisha jitoa. Wasema Siku ya Wazazi i karibu, nasi hatuna hata hatua moja ya kuonyesha. Mimi naona mwalimu ana haki, na yafaa wenzangu na wazazi wasikie sababu kabla hawajahukumu.

Flamenko ni sanaa ya Andalusia, kusini mwa Hispania, na mwaka 2010 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ndani yake mna kuimba, gitaa na kucheza. Mtazamaji huona viatu vyenye misumari kwenye ncha na kisigino, akadhani kazi yote i miguuni. Sivyo. Katika mtindo uitwao solea kila mzunguko una mapigo 12, na mkazo huangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Yaani mkazo huja baada ya mapigo matatu, mara mbili. Kisha baada ya mawili, mara tatu. Jaribuni kuhesabu hivyo huku mkitembea kwenda bwaloni, mtaona taabu yake! Asiyeyasikia hayo mwilini, hata akikanyaga kwa nguvu namna gani, apiga kelele tu.

Tena kuna jambo ambalo wanung'unikaji hawalitaji. Katika flamenko mchezaji ndiye amwashiriaye mwimbaji aanze, na ndiye amwonyeshaye mpiga gitaa mahali pa kukata. Ishara hizo huzitoa kwa miguu. Akipoteza hesabu, amewapotezea njia wote wawili. Kwa hiyo kujifunza makofi ni kuwaheshimu wenzako.

Najua watanijibu kwamba katika sherehe za Aprili mjini Sevilla watu wengi, hata watoto, hucheza sevillana kwa hatua zilizopangwa. Ni kweli, na ni furaha kubwa. Lakini sevillana ina sehemu nne zijulikanazo mwanzo na mwisho. Solea haikupangwa hivyo. Wala makofi si kazi ya kitoto. Yako ya viganja vilivyokunjwa kidogo, yenye sauti nzito isiyomfunika mwimbaji. Yako na ya vidole juu ya kiganja, yenye sauti kali. Huko Hispania wako watu walipwao kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, mtu wa miaka 17 ana haraka, na kukaa benchini muhula mzima kwachosha. Hapo nakubaliana na waliojitoa. Ombi langu kwa mwalimu ni hili. Huko Jerez, katika sherehe za buleria, watu husimama nusu duara wakipiga makofi. Mmoja mmoja hutoka, hata mwimbaji au mpiga gitaa, akacheza kidogo sana, akarudi mahali pake. Siku ya Wazazi tufanye vivyo hivyo. Sote tupige makofi. Aliye tayari aingie kwa hesabu, acheze mizunguko minne, atoke kwa hesabu.

Na wale wanane, nafasi zao bado zipo. Twaanza Jumamosi saa kumi.

Mwanafunzi, Kidato cha IV