NANI AMESIMAMA LANGONI?



Katika mkutano wa tawi uliopita hapa Butula mzee mmoja, mkata miwa wa siku nyingi, aliomba ruhusa ya kusema neno moja kabla hatujafika kwenye habari za mishahara. Neno lenyewe lilichukua karibu nusu saa, na mwenyekiti hakumkatiza. Twaliandika hapa kwa sababu wengi hamkuwapo, na kwa sababu latugusa sisi kuliko linavyowagusa wenye kazi.

Mzee huyo ana mpwa wake ambaye alipata ajali ya pikipiki akakatwa mguu chini ya goti. Alikaa nyumbani miaka miwili akitunzwa kama yai. Baadaye akapelekwa kujifunza kuchomelea vyuma, akajifunza vizuri, akafanya mtihani wa ufundi wa Serikali na kupata daraja la tatu. Alirudi na cheti chake ndani ya mfuko wa nailoni kisije kikalowa. Kisha akaenda kubisha hodi mahali pa kazi ambapo hatupataji, lakini pana karakana, na wachomeleaji walikuwa wakitafutwa.

Siku ya kwanza mlinzi wa lango alimwambia, “Hapa siku ya sadaka ni Ijumaa.” Hakumwuliza ametaka nini. Siku ya pili kijana alifaulu kumfikia nyapara, naye nyapara akautazama mguu, asikitazame cheti, akasema kwamba mle ndani ngazi ni nyingi. Mzee alicheka aliposema hayo, maana yeye mwenyewe amewahi kuingia karakana ile. Haina ngazi hata moja. Sakafu ni ya saruji, tambarare, na wachomeleaji hufanya kazi wameketi juu ya vigoda. Siku ya tatu karani akaomba cheti cha kidato cha nne. Kijana hana, shule aliiachia darasa la nane kwa kukosa karo. Hapo safari zake zikaisha.

Sasa sikilizeni sehemu iliyotunyamazisha. Mlinzi yule ana kadi ya chama mfukoni. Nyapara alikuwa mwanachama mpaka alipopandishwa cheo. Na karani hulipa ada yake kila mwezi bila kukosa. Bwana mkubwa wa mahali pale hakuhusika kabisa. Labda hata leo hajui kama kijana alifika. Sisi wafanyakazi ndio tuliomrudisha.

Yafaa tukumbuke jambo ambalo vijana wetu hawakufundishwa. Mwezi wa Februari 1964, miezi michache tu baada ya Uhuru, Serikali, wenye kazi, na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mapatano ya pande tatu kwa ajili ya watu wasio na kazi. Serikali iliahidi kuongeza watu wake kwa asilimia 15 na wenye kazi kwa asilimia 10. Vyama navyo, kwa mkono wa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, vilikubali kutoomba nyongeza ya mshahara na kutogoma kwa mwaka mzima. Watu zaidi ya 200,000 walijiandikisha kutafuta kazi, na waliopata walikuwa wachache sana kuliko waliojiandikisha. Wazee wetu walinung'unika wakasema wametoa zaidi ya walichopata, na pengine walisema kweli. Hata hivyo mapatano ya namna hiyo yalirudiwa mwaka 1970 na tena mwaka 1979. Twayataja kwa sababu moja. Tangu siku ile, kumpatia kazi mtu aliyefungiwa nje si hisani ya mtu yeyote. Wafanyakazi walikwisha kulitoa deni lake katika mishahara yao wenyewe.

Na wangali wanatoa, ijapokuwa kwa njia nyingine. Kila mwezi mwenye kazi hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi aliye naye, na fedha hizo huenda kwa Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani. Mfanyakazi hakatwi, ni kweli. Lakini fedha huhesabiwa kwa vichwa vyetu. Mamlaka hiyo ndiyo inayosimamia mitihani ya ufundi, daraja la tatu, la pili na la kwanza, mitihani ambayo iliwekwa makusudi ili fundi aliyejifunza kwa mikono apimwe kwa mikono. Basi cheti alichokikataa karani kilitolewa na ofisi ile ile ambayo karani huyo huyo huandika malipo yake kila mwisho wa mwezi! Twaona haya kuieleza habari hii, lakini ndivyo ilivyo.

Hapa Busia hatuwezi kusema kwamba hakuna mahali pa kujifunzia. Kule Odiado, upande wa Samia, kiko chuo cha Serikali cha kuwafundisha kazi watu wenye ulemavu, ndugu wa vyuo vingine kama Itando, Kabarnet na Embu. Viko pia vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyoanza katika miaka ya 1960 baada ya Baraza la Makanisa kuuliza mtoto atafanya nini akimaliza shule, na ambavyo chini ya Katiba ya 2010 sasa viko mikononi mwa serikali za kaunti. Hata gerezani watu hufundishwa useremala na kufanyiwa mtihani. (Tena akitoka, fundi huyo huambiwa alete cheti cha tabia njema cha polisi, kwa gharama ya shilingi elfu moja na zaidi. Serikali humfundisha kwa mkono wa kuume na kumzuia kwa mkono wa kushoto. Hilo tutaliandikia siku nyingine.)

Sheria nayo haikukosekana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilitaka asilimia 5 ya kazi za kibarua, za dharura na za mkataba, serikalini na kwa wenye kazi binafsi, ziwekewe watu hao. Ilimpa hata mwenye kazi punguzo la kodi kwa mishahara aliyowalipa, na kwa gharama za kurekebisha majengo yake. Sheria mpya ya mwaka 2025 imemtaka kila mwenye kazi aliye na watu 20 au zaidi atenge asilimia hiyo hiyo. Hesabu yake haihitaji karani. Penye watu 20, mmoja. Penye watu 100, watano. Penye watu 400, ishirini. Twawaomba wawakilishi wetu wahesabu kesho asubuhi wakati wa kuitwa majina, watuletee jibu. Twahofia kwamba twalijua.

Tumesikia maneno ya wanachama juu ya jambo hili, na hatutayaficha. Wa kwanza alisema, “Watoto wangu wawili wana miguu yote na hawana kazi. Kwa nini nimpiganie mwingine?” Hatumlaumu. Kazi ni chache, na mtu huanza na nyumba yake. Lakini na ajiulize ni nini kilichowafungia nje watoto wake. Ni cheti cha kidato cha nne kinachodaiwa kwa kazi ya koleo. Ni kujuana na nyapara. Ni nauli ya kwenda na kurudi bila jibu. Hayo ndiyo yaliyomfunga kijana wa mguu mmoja, isipokuwa yeye aliongezewa dharau. Lango likifunguliwa kwa cheti cha ufundi badala ya kujuana, hao wawili nao watapita.

Wa pili alisema kwamba watu hawa watakubali mshahara mdogo, na hivyo kutuharibia mapatano. Hili ni neno zito. Mtu aliyekataliwa mara tatu atakubali chochote mara ya nne. Ndiyo maana hatari iko kwa mtu aliyeachwa nje ya chama, wala si kwa aliyeingizwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imekataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na imetaka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Nani atakayeitazama isipovunjwa, kama si sisi? Tumewaona wanafunzi wa ufundi wakiletwa kazini “kupata ujuzi”, wakifanya kazi ya mtu mzima miezi sita bila senti, kisha wakaondolewa na kundi jingine likaletwa. Huo ndio mshahara mdogo tunaouogopa, na hatukuupinga, kwa kuwa tuliwaona kama wageni.

Wa tatu alisema tu, “Hawawezi.” Huyo tunamwomba apande gari aende Busia mjini, asimame karibu na mpaka. Tangu miaka ya 1970 watu wenye baiskeli za magurudumu matatu, wengi wao miguu ilikauka kwa polio, wamekuwa wakivusha mizigo kati ya Kenya na Uganda. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, gunia juu ya gunia, na mtu wa kusukuma akilipwa ujira wake. Maofisa wa forodha kwa muda mrefu hawakuwabana sana, na yaliyopita chini ya kiti hatuyasemi hapa. Lakini ilikuwa kazi, ngumu kuliko ya wengi wetu, na walijitafutia wenyewe bila mtu kuwafungulia lango. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: hakukuwa na mwenye kazi wa kudaiwa. Kituo kipya cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa Februari 2018, na malori yakaanza kukaguliwa mahali pamoja, na mpaka ulipofungwa kwa watu mwaka 2020 kwa ajili ya korona, hawakuwa na notisi, hawakuwa na malipo ya kuachishwa, hawakuwa na mfuko wa uzeeni. Waliokuwa na mikataba ya kazi walikuwa angalau na karatasi ya kupeleka kwa ofisa wa kazi.

Iko pia mipango ya muda mfupi ambayo Serikali huileta mambo yakiwa mabaya. Kazi kwa Vijana ilikuja mwaka 2009. Kazi Mtaani ilikuja mwaka 2020, na katika awamu yake ya pili vijana walilipwa shilingi 455 kwa siku kufyeka nyasi na kuzibua mitaro. Hatuidharau. Unga ni unga. Lakini mtu aliondoka pale na fyekeo lake tu, bila cheti, bila jina lake kuandikwa popote panapoaminika, na mpango ulipokwisha alirudi pale pale alipotoka.

Basi Kamati ya Tawi imekubaliana hivi. Katika mapatano yatakayojadiliwa mwaka huu, pamoja na nyongeza ya mshahara, tutadai kwamba cheti cha mtihani wa ufundi kitoshe kwa kila kazi ya mikono, bila kuulizwa kidato. Tutadai orodha ya ile asilimia 5, kwa hesabu na si kwa ahadi, iletwe mbele ya mwakilishi wetu kila robo mwaka. Mwanafunzi wa ufundi asifanye kazi bila malipo kupita miezi mitatu, na siku anapoanza kulipwa aandikwe chamani. Hatujaafikiana juu ya neno moja: wanakamati wawili wanaona tukiyaweka yote mezani, mwenye kazi atayatumia kupunguza nyongeza. Huenda wakawa sahihi. Mwaka 1964 ilikuwa hivyo hivyo. Ni wanachama watakaoamua.

Kuhusu kijana mwenyewe, mzee alitujulisha kwamba sasa anachomelea milango ya madirisha barazani kwa mtu, Bumala, kwa malipo ya kazi kwa kazi. Wanachama wawili wamejitolea kwenda naye langoni mara ya nne, wakiwa wamevaa beji za chama, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao saa moja asubuhi.

Mkutano wa kuyapigia kura madai haya utakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, mahali petu pa kawaida. Walinzi wa malango ambao zamu yao ni ya mchana wamwone katibu mapema, ili tuwaombee nafasi ya kuhudhuria.