TELA LISILO NA BREKI NI KABURI LA MFANYAKAZI



Iko methali moja ambayo matajiri wenye malori huipenda kuliko sala zao: "Ajali haina kinga." Lori likipinduka mteremkoni, akafa dereva na tanboi wake, tajiri huja matangani na gunia la mchele, hutoa pole, husema maneno hayo matatu, kisha hurudi zake kuandika dereva mwingine. Sisi watu wa reli twasema kwamba methali hiyo haihusu breki. Ajali ya mteremkoni ina kinga, na kinga hiyo yajulikana tangu zamani za babu zetu.

Huenda mkauliza, watu wa reli wanatafuta nini barabarani? Jibu ni jepesi. Reli ilipita Mackinnon Road, Taru na Samburu, lakini Diani na Msambweni haijafika mpaka leo. Saruji, mawe, mbao, maji na mashua za wageni, vyote huku kusini huenda kwa magurudumu ya mpira. Na wanaoyaendesha magari hayo si watu wa mbali. Ni ndugu zetu na watoto wetu.

Njia ya kutoka Kombani kupanda Kwale mwaijua. Vilima vya Shimba hufika karibu mita 450 juu ya bahari, na mpanda ngazi hushuka. Sasa tufanye hesabu ndogo ya shule ya msingi. Barabara ikishuka mita 1 katika kila mita 10, basi kila tani 10 za tela husukuma mbele kwa nguvu ya uzito wa tani 1. Tela likiwa na breki zake, hujizuia lenyewe. Likiwa halina, kazi yote yaangukia breki za lori la mbele, nalo lina uzito wake wa kutosha. Breki zikikamatwa muda mrefu hupata moto, na zikipata moto hulegea. Dereva hukanyaga, gari halisikii. Kwenye kona tela husukuma matako ya lori kando, na vyote viwili hujikunja pamoja. Hapo ustadi wa dereva haumsaidii kitu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tajiri aliyeketi ofisini huona kwamba kutengeneza breki za tela ni kupoteza fedha na siku mbili za kazi. Madereva wametueleza yanayofanyika: mrija wa upepo ukivuja, breki za tela hujifunga, gari likakwama. Badala ya kununua mrija mpya, fundi huambiwa aziondoe kazini breki hizo, mrija ufungwe kwa waya, safari iendelee. Na dereva akikataa, huambiwa kuna vijana 20 langoni wanaotaka kazi yake.

Tutazame wenzetu wanaosafiri kwa starehe. Ulaya na Marekani wako wazee waliostaafu ambao hupita milimani kwa gari kubwa lililo nyumba, lina kitanda na jiko ndani, na nyuma huvuta motokaa ndogo ya kutembelea mjini. Wasafiri wenye magari-nyumba huonekana hata kwetu, wakipiga kambi Tiwi na Diani. Katika Uingereza sheria yasema tela ambalo uzito wake pamoja na mzigo huzidi kilo 750 ni lazima liwe na breki zake. Na wanaovuta mizigo milimani hufundishwa kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, kuiacha injini izuie gari, na kusimama kupoza breki zikianza kunuka. Basi pimeni wenyewe. Mzee anayekwenda kustarehe, kamzigo kake kanawekewa breki. Dereva wetu anayetafuta unga wa watoto, tela lake la tani 10 linafungwa waya!

Sisi wa reli twajua mambo haya kwa sababu reli ilifunzwa kwa damu. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh katika Ireland, treni ya matembezi ya watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa kupanda kilima. Wakaikata vipande viwili ili ipande kidogo kidogo. Breki zake hazikuwa za kujifunga zenyewe, kwa hiyo mabehewa ya nyuma yalishikwa na breki ya mkono, na mawe yakawekwa chini ya magurudumu. Yaliposukumwa kidogo tu, mawe hayakufaa kitu. Mabehewa yakateremka, yakagonga treni iliyokuwa ikija nyuma. Watu 80 wakafa, watoto wakiwamo. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza likatoa sheria: kila treni ya abiria iwe na breki katika mabehewa yote, nazo zijifunge zenyewe treni ikikatika.

Tazameni: mawe chini ya magurudumu! Zaidi ya miaka 130 imepita, na leo mnaweza kumwona tanboi akikimbia nyuma ya tela kilimani, jiwe mkononi, kama kwamba dunia haijajifunza lolote.

Wala tusidhani ni habari za Ulaya tu. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu katika mkoa wa Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kilima hakijali kama gari ni la chuma au la mpira, la serikali au la tajiri. Kinaangalia breki tu.

Tajiri atasema, "Kosa ni la dereva, alikuwa na haraka." Nani aliyempa haraka? Mtu anayelipwa kwa idadi ya safari hawezi kusimama nusu saa kupoza breki bila kujinyima chakula. Lakini na sisi wafanyakazi tusijifiche. Wapo wenzetu wanaotoa gia na kuliacha lori liteleze lenyewe ili wabane mafuta. Shilingi mia chache za mafuta, na roho za watu zaenda bure. Jambo hilo twalikataa kama tunavyoikataa waya ya tajiri.

Basi madai yetu ni haya:

1. Kila tela zito liwe na breki zinazofanya kazi katika magurudumu yake, nazo zijifunge zenyewe tela likikatika.

2. Breki za lori na za tela zikaguliwe kila siku kabla ya safari, na dereva na fundi watie sahihi daftarini.

3. Madereva walipwe mshahara wa mwezi, si kwa safari.

4. Mtu asifukuzwe kwa kukataa gari bovu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwenye kazi asimlazimishe kurudi hatarini mpaka hatari iondolewe. Sheria ipo. Kinachokosekana ni watu wa kuisimamia.

Ndugu madereva, mtu mmoja akikataa tela bovu hufukuzwa. Wakikataa wote, tela hupelekwa kwa fundi. Hiyo ndiyo maana ya chama. Ingieni chamani, andikeni nambari za matela mabovu, zileteni kwa makatibu wenu. Na siku tajiri atakapokuja tena matangani na methali yake, tumjibu sote kwa sauti moja: kinga ipo, wewe ndiwe uliyekataa kuinunua.

Umoja ni nguvu!