Hesabu ya mhandisi ianzie kwenye likelemba

Wenzetu wa Politekniki wana somo la uchumi wa uhandisi. Humo mwanafunzi hujifunza kupima kama mtambo unastahili gharama zake: bei, riba, uchakavu, thamani ya pesa ya leo na ya kesho. Ni somo zuri. Ila mazoezi yake mara nyingi yanahusu kiwanda kisicho na jina, namba zote zimekwisha kuandikwa, na kazi inayobaki ni kuziingiza katika kanuni.

Mimi ningeanza na likelemba. Akina mama kumi wanachanga dola 50 kila mwezi. Wa kwanza anapokea 500 leo, wa mwisho anapokea 500 baada ya miezi tisa. Kila mama wa sokoni anajua kuwa zamu ya kwanza ni tamu zaidi. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, zile 500 za wa mwisho ni sawa na dola 383 za leo. Hapo thamani ya sasa imeeleweka kabla chaki haijagusa ubao.

Kisha mwanafunzi aende Katuba, kwenye mashine ya kusaga mahindi, aulize mwenyewe. Hapo ndipo shida inapoanza, na ni shida yetu sisi watu wa lugha. Ukimuuliza mwenye mashine, "Unapata faida gani?", atakutajia pesa zinazobaki baada ya kulipa umeme na kijana anayesaga. Tuseme ni dola 60 kwa mwezi. Lakini mashine iliyonunuliwa dola 2,400, na itakayodumu miaka 4, inakula dola 50 kila mwezi kimyakimya (ingawa yenyewe ina kelele!). Kweli zinabaki 10. Neno ni moja, hesabu ni mbili, na mwaka wa tano mtu anabaki na chuma chakavu na watoto wanaodaiwa karo.

Wapo watakaosema ripoti ya mhandisi huandikwa kwa Kifaransa. Ripoti, ndiyo. Namba zake lakini hutoka mdomoni mwa mtu, na swali likiulizwa vibaya, kanuni iliyo safi kabisa itatoa jibu la uongo. Wengine watalalamika kwamba kazi hii inakula muda. Inakula kweli, mimi ningefuta nusu ya mazoezi ya vitabuni.

Fakulte yetu inaweza kuanza mwaka huu: wanafunzi wawili wa lugha, wawili wa Politekniki, mashine moja, na maswali waliyoyaandaa pamoja. La kwanza liwe hili: "Mashine hii ikifa, utanunua nyingine kwa pesa ipi?"