Mto Haujui Kaunti Wala Serikali Kuu

Ndugu yangu, dada yangu, hebu kumbuka Aprili 2024. Mto Mathare ulifurika usiku, watu wakapanda juu ya mabati kuokoa roho zao. Siku chache baadaye serikali kuu ikatoa amri: wote wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Rais akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia.

Sasa jiulize: mbona tingatinga lilijua njia ya mtaani kwetu, lakini wa kuzibua mitaro hakuijua?

Ukiuliza kaunti, utaambiwa mito ni ya serikali kuu. Ukienda serikali kuu, utaambiwa mitaro ni ya kaunti. Mpira unapigwa huku na huku, na mvua haingoji.

Lakini Katiba ya 2010 haijaficha kitu. Soma Jedwali la Nne. Mitaro ya maji ya mvua mijini ni kazi ya kaunti. Kulinda mazingira na vyanzo vya maji, serikali kuu imo. Kukabili maafa kumeandikwa kwa zote mbili, kwa hivyo hakuna wa kusema "hiyo si yangu". Na Kifungu cha 189 kinazitaka zishauriane na kusaidiana. Ugatuzi uliletwa ili huduma itukaribie, si ili lawama ipate pa kujificha.

Tusidanganyane pia. Kukaa ukingoni mwa mto ni hatari, na taka tunazotupa sisi wenyewe mtaroni ndizo hurudi na maji hadi kitandani. Lakini maskini hakai pale kwa kupenda. Anakaa penye kodi anayoiweza. Ukimhamisha bila kumwonyesha pa kwenda, umemtoa kwenye maji ukamtupa kwenye baridi. Na yale magorofa yaliyo ukingoni, kibali alitia sahihi nani?

Basi tusingoje mafuriko mengine ndipo tupige kelele. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Kaeni vijana watano, andikeni barua mbili, moja kaunti na moja serikali kuu, kwa swali lilelile: mwaka huu mmetenga pesa ngapi kwa mitaro na mto wa wadi yetu, na kazi inaanza lini?

Majibu yakija, yawekeni kando kwa kando. Hapo ndipo mtajua nani anawakwepa.