Bunduki Ina Nambari, Askari Hana Jina

Katika makumbusho ya Ulaya, na hata katika nyumba za watu binafsi, mna bunduki kuukuu zilizotoka Afrika Mashariki baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Wanaozihifadhi aghalabu huuliza: ni nani aliyekabidhiwa silaha hii kwanza? Ni swali la haki. Ninashikilia kwamba wataalamu wa chuma hawawezi kulijibu peke yao, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelinyamazia mno.

Tuchukue Mauser ya muundo wa 1871, ambayo askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa nayo vita vilipoanza. Ilifyatua risasi moja moja ya milimita 11, na baruti yake ilitoa moshi mzito uliomfichua mpigaji. Ilikuwa silaha iliyokwisha kupitwa na wakati kwao Ujerumani. Kwa hiyo alama iliyogongwa kwenye bamba la kitako au pete ya mtutu, yaani kikosi, kombania na nambari, yamkini inamhusu kijana wa Ulaya aliyeibeba miaka mingi kabla haijavuka bahari. Mtafiti akiifuata alama hiyo anaweza kuishia kwenye majivu, kwani kumbukumbu nyingi za jeshi la Prussia ziliteketea Potsdam iliposhambuliwa kwa mabomu Aprili 1945. Faili nyingi za wanajeshi wa Uingereza wa vita hivyo nazo ziliungua London mwaka 1940.

Isitoshe, bunduki zilihama mikono. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliokota mamia ya bunduki za Waingereza. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilipoweka silaha chini huko Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 1918, nyingi ya bunduki zake zilikuwa za Waingereza na Wareno. Katika hali hiyo, neno "mwenyewe" lina maana gani? Mali ilikuwa ya serikali. Askari alikuwa mbebaji tu.

Lakini moto haukuwa mwizi pekee. Waafrika wengi hawakuandikwa vyema tangu mwanzo. Ripoti ya mwaka 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Bunduki ilipewa nambari kwa sababu ilikuwa na bei. Mpagazi je?

Hapa ndipo taaluma yetu inapohitajika. Majina machache yaliyoandikwa yaliandikwa kwa sikio la Mjerumani. Juma akawa Djuma, Shabani akawa Schabani, Chande akawa Tschande. Anayemtafuta Juma kwenye herufi J atarudi mikono mitupu, kisha atatangaza kwamba mtu huyo hayumo. Mwanafunzi aliyefuzu somo la fonolojia angeligundua kosa hilo mara moja. Vyeo navyo vina historia yake: ombasha, shaushi na efendi vilifika huku na askari wa Kisudani walioandikishwa Misri mwaka 1889. Asiyevijua atadhani ombasha ni jina la mtu, na wala tusimcheke.

Karatasi pia si ushahidi wote. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliosalia. Inasimuliwa kwamba wazee waliofika Mwanza walikuwa wengi, ila wenye vyeti walikuwa wachache. Afisa aliyeleta fedha akawapa ufagio, mmoja baada ya mwingine, akawaamrisha kwa Kijerumani waushike kama bunduki. Wote, yasemekana, walifaulu. Kumbukumbu iliyokosekana kwenye jalada ilikuwa imo mikononi mwao.

Wazee hao hawapo tena, ila wajukuu wao wapo, nasi kila mwaka tunatafuta mada za tasnifu, mara nyingi tukirudia riwaya zile zile. Majalada ya Wajerumani yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nauli ya basi kutoka Nairobi haishindi ada ya muhula mmoja, na orodha zenye Djuma na Tschande zinaweza kusomwa na yeyote kati yetu aliye tayari kujifunza mwandiko wa Kijerumani wa wakati ule.